Taa ya Kijani Nyuma ya Mlango

Mwezi ambao intaneti ilikataa kufika chumba cha Cucu ndio mwezi Virginia alipumzika. Kuna watu hupumzika Mombasa, na kuna watu hupumzika wakishazikwa. Virginia alipumzika kwa sababu televisheni ya mama mkwe wake ilikuwa ikikwama.

Nyumba yao iko Kitengela, upande wa Noonkopir, nyumba ya mawe ambayo mumewe, Njogu, aliijenga kwa pesa za udalali wa mashamba. Hakuezeka mabati. Alimwaga zege juu na kupandisha tangi la maji, akisema siku moja ataongeza ghorofa. Chumba cha nyuma alikipa ukuta mnene kuliko vyote, mlango wa chuma wenye komeo la nje, na kidirisha cha juu chenye vyuma, kwa sababu siku hizo kilikuwa stoo ya simiti na wezi wa Kitengela hawana dini. Simu ikiingia mle hufa. Ukitaka kumpigia mtu, sharti utoke mpaka uani.

Mama mkwe huyo, ambaye nyumba nzima ilimwita Cucu, yaani nyanya, alipoumia nyonga kule Kinangop, Njogu aliondoa simiti, akapaka rangi, akaweka choo, kitanda na televisheni kubwa ya kutundika ukutani. Wazee wa kanisa walikuja kuitazama. Wakasema, huyu ndiye mtoto anayejua mama ni nani. Virginia aliwapa chai, akiwa amevaa sweta ya mikono mirefu katika jua la Januari, na hakuna aliyemuuliza kama anasikia baridi.

Cucu hakupenda habari wala mahubiri. Alipenda mieleka. Aliketi kitandani na rimoti mkononi, miguu chini ya blanketi, akiwatazama Wazungu walionenepa kama madume ya Friesian wakirushana nje ya kamba. Virginia aliwahi kumwambia kwamba yale ni maigizo, wamepatana mapema nani ataanguka. Cucu alikasirika siku nzima. "Kama ni maigizo," alisema, "mbona anatoka damu?"

Njogu hakuwahi kukanyaga ndani ya chumba hicho tangu mama yake ahamie. Mwanamume aliyetahiriwa haingii mahali mama yake analala; hiyo Wakikuyu hawafundishwi, wanazaliwa wakiijua. Kihii anaweza kuingia, kwa sababu kihii ni mtoto ambaye bado hajapashwa tohara, na kumwita mtu mwenye ndevu kihii ni tusi ambalo limewahi kuvunja hata ukoo. Basi Njogu alisimama koridoni kila mara, mlango ukiwa kati yao, na kuuliza kwa sauti ya upole kabisa:

"Maitu, TV inashika?"

"Inashika, mwanangu."

Hapo ndipo Virginia alipojua. Njogu angerudi chumbani kwao, afunge mlango, avue saa yake ya mkononi na kuiweka polepole juu ya kabati, kwa maana ilikuwa saa ya bei. Kisha angegeuka. Ng'ambo ya koridoni umati wa mieleka ungekuwa unapiga makelele, na kilio cha mwanamke mmoja kingezama humo kama chumvi kwenye sufuria ya githeri.

Lakini Cucu akijibu kwamba haishiki, Njogu aliiacha saa mkononi. Dunia nzima alikuwa anaogopa ulimi mmoja tu. Kaka yake mkubwa aliwahi kumsukuma Cucu wakigombania ng'ombe, na Cucu akamkana mbele ya ukoo. Kaka huyo alikufia mtaroni kabla hajaota mvi. Njogu ndiye aliyembeba.

Kwa hiyo mwezi ule wa kukwama, Virginia alilala. Si kwamba Njogu aligeuka malaika. Alitumia njia zisizo na sauti: kumfinya chini ya meza wakati wa sala ya chakula, kumpinda kidole kidogo mpaka jasho limtoke akiwa anatabasamu mbele ya wageni. Lakini kidole kimoja ni kidole kimoja, na Virginia alishaanza kuhesabu neema zake kwa kipimo hicho. Mungu atusamehe sisi tunaopima hivyo.

*

"Yule mnene wa chupi nyekundu alibebwa juu," Cucu alilalamika asubuhi moja, "na mpaka sasa bado yuko juu. Hajaanguka. Kaduara kanazunguka tu."

Njogu alienda mjini akarudi na kifaa cha kuongeza nguvu za waifai, kimefungwa kwenye boksi kama zawadi ya harusi. Kwa kuwa mwenyewe hawezi kuingia, alimtuma Virginia akichomeke kwenye soketi iliyo chini ya televisheni, huku akitoa amri kutoka koridoni. Virginia alichomeka. Taa ikawa nyekundu, ikabaki nyekundu.

"Umeweka vibaya," Njogu alisema.

"Nimeweka pale umesema."

Virginia akatoka mpaka koridoni. Njogu alimshika kidole kidogo cha kushoto, akakipinda nyuma kimya kimya, akimtazama machoni mpaka kitu kikalia ndani ya kidole. Virginia aliuma kitambaa cha kichwa. Ndani, Cucu alikuwa anaipigapiga rimoti kwenye kiganja na kuilaani China.

Ugomvi wao ulikuwa na jina, na jina lake lilikuwa Kimuka. Miaka ya nyuma Virginia alifuga kuku, akauza mayai hotelini mpaka akapata pesa za robo ekari kule Kimuka, karibu na Ngong. Hati ilitoka kwa jina la Njogu, kwa sababu mke mwema haulizi. Sasa Njogu alikuwa na mnunuzi na madeni, na wakili alikuwa amemwambia bila sahihi ya mke hakuna kitu kinauzwa. Virginia alikataa. Lilikuwa neno lake la kwanza la kukataa katika ndoa ile, na lilimshangaza yeye mwenyewe kuliko lilivyomshangaza mumewe.

*

Fundi aliyeletwa kuikomboa intaneti aliitwa Maundu, mtu wa makamo, mnene, anayehema akipanda ngazi na mwenye kupenda kusifu nyumba za watu. Alianzia sebuleni kwenye ruta, akatembea na simu mkononi kuelekea nyuma, akiangalia alama zikipungua moja moja.

"Bosi, hii nyumba si nyumba, ni ngome," alisema akigonga ukuta wa chumba cha Cucu. "Waifai kupita hapa ni bahati, na bahati yenu imeisha. Na hiyo extender yako haina makosa. Mliiweka mahali hakuna network, sasa itaongeza nini? Ukichota kwa kisima kavu utapata nini? Hii kitu unaweka katikati, mahali network bado iko na nguvu, ndio ipokee na isukume mbele."

Njogu alimtazama Virginia kana kwamba yeye ndiye aliyekausha kisima.

"Lakini kuna njia rahisi," Maundu akaendelea, akijifuta jasho. "Si mtoe hiyo TV mweke sitting room? Ruta iko hapo hapo. Cucu akae kwa kochi kama malkia, akipata na watu wa kupiga nao stori."

Virginia alimwona Cucu kichwani mwake, ameketi sebuleni mchana kutwa, akiona anayeingia na anayetoka, akiona uso wa kila mtu.

"Mama yangu ataangalia kwa chumba yake," Njogu alisema. "Wewe umekuja kutengeneza ama umekuja kupangia familia yangu?"

"Pole bosi. Ni maoni tu." Maundu akaangalia huku na huku. "Koridoni hakuna soketi. Iliyo karibu ni ile ya bedroom yenu, nyuma ya mlango. Hapo ni katikati kabisa."

"Na itapita wapi?"

"Hizi matundu za hewa hapa juu. Yenu na ya Cucu zinaangaliana. Ukuta inakataa, lakini tundu haikatai. Kile kinapita na hewa, hata hii inapita."

Njogu aliyatazama yale matundu kwa muda, kisha akasema mama yake hupenda sauti ya juu, basi ni sawa.

Kifaa kikachomekwa nyuma ya mlango wa chumba cha kulala. Taa ikawaka nyekundu, ikapepesa, ikawa kijani. Papo hapo kutoka ng'ambo umati wa watu ulilipuka kwa shangwe, na Cucu akapiga kelele kwamba yule wa chupi nyekundu ameanguka hatimaye.

"Hiyo ndio maneno," Maundu akasema. "Kijani, Cucu anaona. Nyekundu, imepotea. Mama, ukifagia chunga usiichomoe."

Virginia alimkabidhi kikombe cha chai. Maundu alikiona kile kidole kilichovimba kama ndizi ndogo. Akainua macho, akamwona Njogu mlangoni, akarudisha macho kwenye chai na kuimaliza kwa mafunda matatu. Watu wazuri wako wengi duniani. Shida yao ni haraka.

Jioni hiyo hiyo Njogu hakwenda koridoni kuuliza. Hakukuwa na haja tena. Alifunga mlango, akaiangalia taa ya kijani, akavua saa.

*

Mbele ya plot hiyo, kando ya geti, kuna duka ambalo Njogu hulikodisha kwa Fartun, mama wa Kisomali kutoka Garissa anayeuza vitambaa, manukato na maziwa ya ngamia. Virginia aliingia keshoye akiwa amejitanda leso mpaka kwenye nyusi.

"Nipatie ile powder ya kufunika," alisema.

Fartun aliinua leso kwa ncha ya kidole, akatazama, akairudisha. "Hii hakuna powder, dada yangu. Hata nikupatie ndoo nzima."

"Nipatie tu."

"Kuja kwangu. Leo. Niko na chumba, niko na mlango, niko na kaka wawili."

"Na Njogu akikufukuza hapa?"

Fartun alitupa macho kwenye rafu zake za vitambaa. Duka lile lilikuwa likilisha watu wengi, na Virginia hakumlaumu. "Basi enda polisi," Fartun alisema.

"Nilienda." Virginia alicheka kidogo, akashika ubavu. "Afisa alisikiza vizuri sana. Halafu akatoa simu hapo mbele yangu, akapiga. Bwana Njogu, kuja uchukue bibi yako, amekasirika kidogo. Wanakunywanga pamoja. Njogu alikuja na gari, akanifungulia mlango, akaniambia ingia mpenzi. Mpaka askari wa geti alitupigia saluti."

"Basi ambia mama yake. Mama ni mama."

"Nimwambie nini? Mtoto wako ananipiga? Fartun, kwetu bibi haendi kumwambia mama mkwe mambo ya chumbani. Ni kama kumvulia nguo. Halafu hasikii. Ile TV yake ni kama uwanja wa Nyayo."

"Hasikii," Fartun alirudia, akifunga ile poda kwenye gazeti. Alilisema kama mtu anayelipima neno kwenye mizani na kuona limepungua.

Virginia alilichukua neno lile mpaka nyumbani. Usiku alitazama yale matundu ya hewa, moja likilitazama jingine. Aliogopa kulifikiri jambo lile mpaka mwisho, akaliacha.

*

Jumapili iliyofuata kanisani kulikuwa na mchango wa paa. Njogu aliitwa mbele, akaahidi mabati kwa idadi iliyofanya akina mama wapige vigelegele. Mchungaji akamshika bega, akasema vijana wetu wamwige Njogu, mtu aliyemtoa mama yake kwenye baridi ya Kinangop na kumwekea hata intaneti chumbani. Cucu, aliyekuwa kiti cha mbele na bakora yake, alipigiwa makofi. Virginia alipiga makofi pia. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani, lakini ni nani aliye na muda wa kuingia ndani ya nyumba za watu siku ya mchango?

Walirudi, wakala. Cate, mtoto wao wa pekee, alikuwa shule ya bweni, kwa hiyo mezani walikuwa watatu tu. Cucu alisema kuku ni mgumu, akajikokota chumbani kwake. Siku zote akitoka hufunga chumba hicho kwa kufuli ya zamani, ya wakati wa stoo ya simiti, kama benki, na ufunguo huufunga kwenye pindo la kitambaa. Alifungua, akaiacha kufuli ikining'inia kwenye komeo kama kawaida, akaingia. Muda si muda umati ukaanza kunguruma.

Njogu alisukuma sahani. "Mnunuzi anakuja kesho na wakili. Utaweka sahihi."

"Sitaweka."

"Mabati nimeahidi umesikia."

"Nimesikia. Uza gari."

Aliinuka bila haraka. Alimshika nyuma ya shingo kama mtu anavyoshika paka, akamtembeza mpaka chumba cha kulala, akafunga mlango. Taa ilikuwa kijani. Akavua saa.

Pigo la kwanza lilimpata ubavuni, pale pale pa siku zote. La pili lilimkuta akiinama, likampasua mdomo. Virginia aliangukia kabati, kioo kikashuka naye, na ng'ambo ya koridoni umati ukapiga ukelele wa furaha. Hilo ndilo lililomuumiza kuliko ngumi: kila alipoanguka, walishangilia. Mtangazaji wa Kizungu alikuwa anabweka kama mwenye wazimu. Mtu alikuwa anahesabiwa huko, moja, mbili, na Virginia alikuwa chini akiwa na ladha ya damu na vipande vya kioo kwenye nywele.

"Utaweka sahihi?"

"Hapana."

Akaukanyaga mkono wa kushoto. Mifupa ilisikika. Virginia alilia kwa sauti ambayo hakuijua kuwa ni yake, akaita mama, akaita Cate, akamwita Cucu kwa jina. "Cucu! Cucu, ananiua!" Umati ukaongezeka. Si kwamba mieleka ilikuwa imenoga. Sauti yenyewe ya televisheni ilipanda, ngazi kwa ngazi, kama mtu anayebonyeza kitufe.

Njogu hakuligundua hilo. Virginia aliligundua. Akiwa shavu chini, kwenye sakafu ya vigae aliyoipiga deki asubuhi hiyo, aliligundua na likaingia ndani yake kama maji ya barafu. Huyu mama anasikia. Amekuwa akisikia siku zote.

Mkono wa kulia Njogu hakuugusa. Aliuruka kama mtu anayeruka mbegu shambani, kwa kuwa mkono wa kulia ulikuwa na kazi kesho. Alimburuta kwa mguu ili amgeuze, na kumburuta huko kukamgongesha mlango na kumfikisha pale nyuma yake. Virginia aliinua ule mkono mzima. Alikishika kifaa, akakivuta na soketi yake ikalegea ukutani, akakipiga kwenye vigae mara moja, mara mbili, mpaka kile kijani kikafa.

Nyumba ikanyamaza.

Ulikuwa unyamavu mkubwa ajabu. Maji yalisikika yakidondoka kwenye tangi juu ya zege. Njogu alisimama na mguu wa mkewe mkononi, akihema, na kuhema kwake kulijaza nyumba. Virginia alijaza mapafu, ubavu ukamchoma, akalia tena. Safari hii hapakuwa na kitu cha kukizamisha kilio.

"Njogu!" Sauti ya Cucu ilipita kwenye matundu, wazi, kana kwamba yuko nao chumbani. "TV imeenda!"

Virginia alifumba macho. Hasira aliyoisikia kwa mama yule ilikuwa kubwa kuliko ile aliyokuwa nayo kwa mtoto. TV! Mtu anakufa hapa, na bibi kizee analilia chupi nyekundu.

Njogu alimwachilia mguu. "Ni stima, Maitu. Itarudi."

"Taa ya huku inawaka. Si stima. Kuja utengeneze."

"Nitamtuma Mama Cate."

"Nimeita wewe."

"Maitu, unajua huko siwezi kuingia."

"Mimi ndiye nalala humu, mimi ndiye nasema ingia. Unaingia, ama nikuje huko?"

Njogu aliangalia kioo, kabati, mwanamke sakafuni. Bora aingie kule mama asije huku. Hesabu hiyo aliifanya upesi. Alijifuta mikono kwenye shuka, akaingiza shati ndani ya suruali na kutoka, akiuvuta mlango nyuma yake, lakini kitasa kilikuwa kimelegea tangu Virginia alipogongeshwa hapo, na mlango ukafunguka tena.

Kwa hiyo Virginia aliona. Alimwona Cucu amesimama koridoni na bakora yake, kando ya mlango wa chuma ulio wazi, amevaa soksi bila viatu. Alimwona Njogu akisita kizingitini, ameinamisha kichwa, mtu mzima wa kilo tisini anayeogopa kukanyaga zulia. "Iko nini kwa hiyo TV?" aliuliza. "Ingia uone," mama yake alisema. Akaingia.

Cucu aliusukuma mlango kwa bega, na nyonga yake mbovu ikafanya kazi ambayo haikuwa imefanya tangu Kinangop. Komeo likalia. Kufuli ikaingia, ikabana.

"Maitu?" Njogu alisema kutoka ndani. Kisha akagonga. Kisha akapiga kwa ngumi zote mbili. "Maitu! Fungua! Unafanya nini?"

Cucu alikuja mpaka mlangoni pa Virginia, akajiegemeza, akaangalia damu kwa muda mrefu.

"Mwanamume haingii mahali mama yake analala," alisema. "Huyo ameingia. Basi mimi sina mwanamume humo. Niko na kihii, na kihii kikikosa hufungiwa."

Virginia alijikokota mpaka akakaa, mgongo kwenye kitanda. "Ulikuwa unasikia."

Cucu aligeuza macho kwenye kioo kilichovunjika.

"Siku zote ulikuwa unasikia. Leo nimekuita jina, ukaongeza sauti."

Rimoti bado ilikuwa kwenye mfuko wa aproni ya Cucu. Aliitoa, akaitazama. "Mama ya bwanangu alikuwa anasaga mahindi," alisema. "Mimi nikipigwa, yeye alikuwa anasaga kwa nguvu. Nilisema nikiwa na bibi ya mtoto wangu, sitasaga." Akaitupa rimoti sakafuni kati ya vioo. "Leo hii kitu ilikufa, nikabaki na masikio yangu."

"Usiniombe msamaha," Virginia alisema. "Leo usiniombe."

"Siombi. Simama twende."

*

Fartun alifunga duka bila kuuliza hata neno moja, akasimamisha tuktuk barabarani, akamfunga Virginia ule mkono kwa mtandio mpya wa kuuza. Walipotoka getini, bado walisikia mlango wa chuma ukigongwa, kwa mbali, kama mtu anayepiga ngoma ndani ya shimo.

Kituoni, afisa aliyekuwa kaunta alikuwa yule yule. Alimtazama Virginia, mdomo uliopasuka na jicho lililofumba, akavuta pumzi ya mtu aliyekatiziwa chakula.

"Mama, tena? Mambo ya nyumba si mnaweza kuongea nyumbani?" Akachukua simu. "Hebu nimpigie bwana akuje tuketi chini, tuongee kama watu wazima."

Alipiga. Simu ilikuwa na sauti ya juu, na wote kwenye foleni walisikia yule mwanamke wa mtambo akisema kwa adabu kwamba mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa. Afisa akakunja uso, akapiga tena. Hapatikani. Virginia alianza kucheka. Mdomo ulimuuma, ubavu ulimuuma, lakini kicheko hakikuzuilika. Alikuwa anauona ukuta mnene, zege, tangi la maji, mlango wa chuma, na Njogu amesimama juu ya kitanda akiinua simu kwenye kidirisha, akitafuta alama moja tu.

"Ajabu," afisa alisema. "Njogu hazimangi simu. Nyinyi mnajua ako wapi?"

Cucu alisogea mpaka kaunta. Alitundika bakora ukingoni, akafungua pindo la kitambaa kwa vidole vyake vyenye mafundo, akatoa ufunguo mdogo wenye kutu. Hakuuweka chini. Aliushika juu, afisa auone vizuri.

"Mimi ndiye nilimzaa, na mimi ndiye nimemfungia," alisema. "Andika kwanza. Yote, na jina langu kama mtu alisikia. Ukimaliza, nitakupatia ufunguo."

Foleni nzima ilikuwa inamtazama afisa. Akaweka simu mezani, akavuta kile kitabu kikubwa cha kuandikia mashtaka, akaanza kutafuta kalamu.